Kidole cha Pete

Old Kampala,
Agosti 12, 1994

Kaka yangu Obura,

Pokea salamu zetu. Usishangae kuona mwandiko si wangu. Ninasema na jirani yangu Zulaikha anaandika, kwa sababu onyesho ni mwisho wa mwezi na mimi niko kwenye piano kutwa nzima.

Huku sisi wazima. Piano ya ukumbini imewekwa nyuzi mpya. Gauni langu jeusi limerudi kutoka kwa fundi, limenibana kiunoni. Gazeti limeandika kwamba kwa miaka ishirini sijawahi kukosea. Waongo hao.

Kaka, wiki iliyopita nikicheza, kidole cha pete cha mkono wa kulia kilijikunja chenyewe kikakataa kunyooka. Hakiumi. Nikishika kikombe hakina neno, nikigusa piano kinajikunja. Tangu jana, hata nikishika kalamu. Zulaikha ameacha kuandika, ananitazama. Nimemwambia aendelee.

Unakumbuka Baba alivyoacha kupiga kinanda kanisani? Watu walisema ni pombe, nami nikacheka pamoja nao. Wewe ndiye uliyekuwa ukimfunga vifungo vya shati. Niambie, kwake kilianza kidole gani? Vingine vilifuata baada ya muda gani?

Mama asijue. Jibu mpe dereva huyohuyo wa basi aliyekuletea barua hii.

Jina hapa chini nimeliandika mwenyewe. Niambie ukweli kama linasomeka.

Dada yako,
Akech