Kiti cha Mzee wa Katuni

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo na kazi? Mimi mzima, ila goti la kushoto linanisumbua asubuhi za baridi. Miaka sita hatujaandikiana, na sikukusudia kuanza mimi. Lakini nimeona jina lako mwishoni mwa ile katuni ya Ijumaa kwenye runinga. Kumbe ni wewe unayechora kipande chake cha mwanzo. Kila wiki yule mzee anarudi kutoka kazini, anavua kofia, anakaa, na kila wiki kiti kinamwangusha kwa namna mpya. Juzi kiliota mbawa. Kofia ile ni yangu. Mafundi seremala wenzangu hapa karakana wameitambua na wananicheka. Nimekukosea nini?

Baba yako

21 Machi

Baba, shikamoo.

Pole na goti. Mimi mzima. Umesahau kiti changu cha kwanza? Nilikitengeneza mwezi mzima. Ulikikalia mbele ya wateja, mguu ukachomoka, ukaanguka, ukasema, "Huyu akachore picha tu." Wakacheka wote. Basi nachora picha. Kila wiki bosi anataka namna mpya ya kumwangusha mzee, nami sijawahi kuishiwa.

Binti yako

2 Juni

Mwanangu,

Habari za huko? Goti ni lile lile. Barua yako nimekaa nayo miezi miwili na zaidi, naona haya kuijibu. Siku ile niligusa kiungo cha mguu wa kiti kabla ya kukaa. Gundi ilikuwa bado mbichi. Nilijua. Wateja walikuwa wamekisifu kiti chako kuliko vyangu, roho ikaniuma, nikakaa makusudi. Kazi yako haikuwa na kasoro. Nisamehe. Ulipoondoka nilikiunga, na ndicho ninachokalia nikitazama katuni yako.

Baba yako

10 Juni

Baba, shikamoo.

Nimelia, nikakasirika, nikalia tena. Hasira bado ninazo, usidhani zimekwisha. Mwanzo mmoja hutuchukua wiki sita kuutengeneza. Tazama Ijumaa ya mwisho ya Julai.

Binti yako

Jumamosi, asubuhi

Mwanangu,

Leo goti tuliache. Jana nilikaa mapema. Yule mzee akaingia, akavua kofia, akagusa kiungo cha mguu wa kiti, akakaa. Nikasubiri. Kiti kikatulia. Tukabaki tunatazamana, mimi na yeye, mpaka wimbo wa mwanzo ukaisha. Wenzangu wanalalamika kwamba wiki hii hakukuwa na kichekesho. Wiki ijayo mwangushe tu, nimeruhusu.

Kiti chako nimekipiga msasa upya. Kuanzia leo mimi nakalia stuli. Njoo ukikalie mwenyewe.

Baba yako