Sauti ya Mama Imefungiwa kwenye Kompyuta

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama utanigombeza nigombeze tu, maana ninayojiambia mwenyewe ni mabaya zaidi. Mimi ni karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, mtoto wa kwanza, tumezaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu wa kike ambaye ameolewa mbali. Mwaka jana kila Jumapili nikimaliza kufua nilikuwa nakaa na mama jikoni namrekodi akisimulia maisha yake, alivyomtoroka mume wa kwanza na ndoo moja ya nguo, alivyojifunza cherehani, nyimbo alizotubembelezea, nikahamishia yote kwenye kompyuta yangu, kisha nikayafuta kwenye simu kwa sababu ilikuwa imejaa. Miezi minne iliyopita mama akapigwa na kiharusi, ulimi ukafungwa, sasa amebakiwa na neno moja, "bado", ukimuuliza anataka maji ni "bado", ukimuuliza anaumwa ni "bado".

Mdogo wangu alipokuja kumuuguza tukagombana, akasema nayaficha yale marekodi kana kwamba mama ni wangu peke yangu, na mimi kwa hasira nikaingia chumbani nikabadilisha neno la siri asiweze kuyafungua, niliandika nini sijui, hasira ndiyo iliyoandika, na wiki iliyofuata kompyuta ikanikataa mimi mwenyewe. Nimejaribu majina yetu, miaka ya kuzaliwa, hata matusi, wapi! Fundi niliyempelekea ananiambia, "Dada, niifute yote, kesho unaichukua kama mpya." Nikamuuliza, na vilivyomo? Akasema, "Vilivyomo ndiyo basi tena." Mdogo wangu anapiga kila siku, "Dada, nitumie hata dakika moja nimsikie mama," namdanganya kwamba mtandao unasumbua. Jana nilipiga magoti kitandani kwa mama nikamweleza yote, nikamwomba msamaha, akanitazama, akasema, "Bado." Nifanyeje?

Niliyejikomoa

Niliyejikomoa, pole sana. Machozi yako nimeyaona hadi kwenye karatasi. Ila kugombezwa umeomba mwenyewe, basi kaa vizuri. Kumtangulia mdogo wako kuzaliwa hakukukabidhi sauti ya mama yenu. Ulitaka kumkomoa, ukajifungia nje na wewe, na sasa unaongeza uongo juu ya kosa. Mtandao unasumbua miezi yote hiyo? Anajua unamdanganya, ila anakustahi.

Haya, kompyuta. Kaichukue kwa huyo fundi leo, kabla hajaigusa. Nimemuuliza mtu anayeifanya kazi hii, akasema neno la siri ni kufuli la mlangoni tu. Vitu vya ndani vipo, mradi asitokee wa kuvifuta. Fundi mwenye ujuzi anaweza kuitoa diski, akaiunganisha na kompyuta nyingine, akanakili yaliyomo. Tafuta pia anwani ya barua pepe uliyojisajilia siku ya kwanza, maana kompyuta nyingine hukuruhusu kuweka neno jipya kupitia hapo. Na uache kubahatisha ovyo. Sikufichi: zipo kompyuta zinazofunga hata diski yenyewe, na bila ufunguo wake wa akiba bingwa naye hutoka mikono mitupu. Jiandae kwa hilo.

Lakini simu inamtangulia fundi. Mpigie mdogo wako umwambie hivi hivi: "Nilifunga kwa kukukomoa, nimesahau, na nimekuwa nikikudanganya." Atalia, pengine atakutukana. Usikate. Akitulia, muulize ulimwambia nini siku ile ya ugomvi, kwa sababu mwenye kutukana husahau, aliyetukanwa anakumbuka neno kwa neno, na huenda humo ndimo ulimolichota hilo neno la siri unalolitafuta.

Marekodi yakipatikana, toa nakala mbili siku hiyo hiyo, na ya kwanza iwe yake. Yasipopatikana, mtayalilia wawili. Unavyoyalilia sasa peke yako, huku unamdanganya mwenzio, hutafika popote.