Siku Mtani Alipodai Mke Mbele ya Sanamu

Alby, huku Uswidi, Jumapili jioni, mwezi wa sita. Jua linawaka lakini upepo ni wa kukata masikio. Tangu nirudi nyumbani roho yangu iko juu juu, na chai niliyojimiminia imepoa sijaigusa.

Wacha niseme ukweli kabla sijaanza kujipamba. Leo nilikwenda kutafuta kosa.

Binti yangu Neema anataka kuolewa na Mihir. Mihir ni kijana wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa, kwao ni Spånga, na wazazi wake walitoka kijiji fulani huko Gujarat. Na kijana mwenyewe sina neno. Anavua viatu mlangoni bila kuambiwa, anakula ugali kwa mkono, na shikamoo yake, japo imepinda, anaitoa kila mara.

Tatizo langu ni la zamani kuliko yeye. Mama yangu alikuwa yaya kwenye nyumba ya Wahindi mjini Moshi. Chai yake aliinywea jikoni, kwa kikombe cha bati kilichowekwa kando ili kisichanganyike na vyao. Mama hakuwahi kulalamika. Mimi ndiye nimelalamika kwa niaba yake, kimoyomoyo, mpaka leo nina mvi. Nikaapa mwanangu hatakwenda kunywea kikombe cha kando kwa watu.

Kwa hiyo nilichohitaji ni jicho moja tu la dharau. Neno moja. Ningemgeukia Neema nikamwambia, umeona? Habari ikaishia hapo.

Mahali alichagua mama Mihir. Kuna uwanja wa majani, unapanda basi kutoka Spånga, ambako kiangazi hiki wameweka sanamu za maisha ya kijijini India. "Kabla sijaingia nyumbani kwako, nataka uone tulikotoka," aliniambia kwa simu. Tunaongea Kiswidi, kila mmoja akikivunja kwa namna yake.

Peke yangu nisingeweza kwenda. Baba yake Neema ni marehemu, kaka zangu wako Same, na posa haisikilizwi na mwanamke mmoja aliyeshika mkoba. Nikamwomba Mzee Mushi wa Norsborg asimame kama msemaji wetu.

Mzee Mushi ni Mchaga na mimi ni Mpare. Ni mtani wangu. Kwa wewe unayesoma hapa na hukukulia kwenye mambo haya: mtani ana ruhusa ya kukutukana, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Kazi yako ni kumrudishia. Siku tuliyomuaga mume wangu, Mzee Mushi alilala chali mlangoni mwa ukumbi, suti na tai, akasema jeneza halipiti mpaka Wapare wamletee mbuzi, na kama mbuzi wanamwonea uchungu basi walete hata mkia. Nilicheka siku ambayo niliamini sitacheka tena. Tangu hapo yule ni kaka yangu.

Neema alinisihi. "Snälla mama," akasema, na akiomba kwa Kiswidi hivyo najua ana hofu kweli. "Mtu yeyote, lakini sio Mzee Mushi."

Nikamjibu kuwa hajui mila.

Tulipofika, Mihir na wazazi wake walikuwa wameshatangulia. Sanamu zenyewe ni za saruji, kimo cha binadamu, zimepakwa rangi ambazo mvua ya huku imeshaanza kuzifubaza. Hazina uzio. Unatembea katikati yao kama mtu anayepita uani kwa watu. Kuna mwanamke anavuta kamba kisimani, mguu mmoja ameuegemeza ukingoni. Kuna kinyozi amechuchumaa mbele ya mteja, na mteja kashika kioo, kakunja uso. Wanawake wawili wanatwanga kwenye kinu kimoja kwa zamu, mchi mmoja juu, mwingine chini, vilevile kabisa kama mama yangu na mama zangu wadogo walivyotwanga kwetu milimani. Wazee wenye vilemba wamekaa duara wanaamua kesi. Watoto wa Kiswidi walikuwa wamepanda juu ya ng'ombe wa mkokoteni wakila aiskrimu.

Baba Mihir ni mtu mrefu, mwembamba, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata. Haongei sana. Nilimchunguza kama askari wa forodha. Nilimtazama alivyompa Neema mkono, alivyomtazama Mzee Mushi, alivyonikaribisha nitangulie.

Alisimama kwenye wale ng'ombe, akaweka kiganja kwenye nundu ya mmoja wao. Akasema ng'ombe wa baba yake alikuwa na tabia ya kukataa kutembea mpaka aimbiwe. Alitaka kutuimbia, sauti ikagoma. Nikamhurumia, halafu nikakasirika kwa kumhurumia, maana sikuwa nimepanga.

Mama Mihir akafungua chupa ya chai. Chai ya maziwa, iliki na tangawizi, harufu ile ile ya nyumba niliyokuwa nasubiri nyuma yake nikiwa mdogo mama atoke kazini. Hapa nilikodoa macho. Vikombe vyote vilikuwa vya aina moja, vya chuma, na kimoja kilipungua. Alinipa changu, akampa Mzee Mushi, na yeye akanywa na Neema kikombe kimoja, wakipokezana.

Nikaanza kutafuta kosa lingine.

Sanamu za mwisho ni za bibi harusi anayeondoka kwao. Kajifunika ushungi, kichwa kipo kifuani kwa baba yake, na baba analia mdomo wazi bila aibu. Baba Mihir alisema kwao hiyo ndiyo siku wanaume wanaruhusiwa kulia. Kisha akafunga kifungo cha koti, akamgeukia Mzee Mushi, akasema rasmi kwamba wamekuja kumwomba Neema awe mtoto wao.

Hata mimi, pamoja na ubaya wangu, nilisikia uzito wake.

Mzee Mushi akakohoa. Kikohozi kile nakijua.

Laiti angesema kwa Kiswahili! Lakini yeye ni mkarimu, alitaka kila mtu afaidi, akasema kwa Kiswidi, uso mkavu kama hakimu. "Mmechelewa. Huyu ni mke wangu. Nilimchumbia akiwa bado tumboni. Na mwangalieni vizuri mama yake, ni Mpare huyo. Mpare huuza kuku mmoja kwa watu wawili."

Nyumbani hapo vigelegele vingepasua turubai. Na mimi nilifanya nini? Mtani akirusha, unarudisha. Mdomo ulinitangulia, kwa Kiswidi vilevile. "Ni kweli nilimuuzia, lakini hajamaliza kulipa. Mchaga huyu, akimaliza deni nitamfungia binti mizigo yake."

Hakuna aliyecheka.

Mzee Mushi akadhani utani haujakolea. Akaongeza chumvi. "Basi naondoka naye leo, gari liko pale," akasema, na akamshika Neema kifundo cha mkono, kama watani wanavyomteka bibi harusi mpaka wakwe wamgomboe kwa maneno matamu.

Baba Mihir hakupaza sauti. Aliweka kikombe chake miguuni pa sanamu, akaja, akauondoa mkono wa Mzee Mushi, kidole kimoja baada ya kingine. Kisha akasimama katikati, mgongo kwetu, uso kwa mwanangu.

"Neema," alimwambia polepole, "haya ni kweli? Kuna mtu anakulazimisha jambo lolote? Niambie. Niko hapa."

Nilisubiri Neema acheke amweleze. Badala yake alinitazama mimi, machozi yakamtoka. Ilikuwa aibu tu, mimi mama yake naijua aibu yake tangu akiwa chekechea. Lakini mtu asiyemjua angesema ni jibu. Akaondoka karibu anakimbia kuelekea kituo cha basi, Mihir nyuma yake.

Nikasema, "Ni mzaha." Kwa Kiswidi neno hilo ni dogo sana. Ndilo wanalosema watu wote waliofumaniwa.

Mama Mihir alikuwa anakusanya vikombe, vinagongana mikononi mwake. Baba Mihir alinitazama kwa mara ya kwanza tangu tufike kama mtu anayenitazama hasa. "Mama," akasema, "dada yangu alipewa mzee akiwa mdogo kuliko Neema. Tulicheza ngoma siku hiyo. Mimi jambo hilo sichekei."

Walituaga kwa adabu. Adabu yao ndiyo iliyonimaliza.

Mzee Mushi alinirudisha kwa gari. Tangu nimfahamu ananiita Bahili, hata kanisani, hata mbele ya mchungaji. Leo aliposimamisha gari hapa chini ya jengo alishika usukani kwa mikono miwili, akaniuliza, "Namsifu, nimeharibu?"

Kusikia jina langu kinywani mwake kulinitia hofu kuliko yote yaliyotokea kule.

Nimekaa na jambo hili tangu hapo. Maana, hebu tuongee ukweli, nimepata nilichokwenda kutafuta, tena cha bure. Kosa lilipatikana, ila lilipatikana kwetu. Nikinyamaza tu, posa itajifia yenyewe. Wao hawatarudi, Neema atamlaumu Mzee Mushi, na mimi nitakuwa mama wa kuonewa huruma. Wazo hilo lilikaa nami muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika hapa. Lilikuwa tamu.

Lakini kila nikifumba macho nauona ule mgongo. Mtu ambaye nilihofia atamdharau mwanangu alimkinga. Na mtu aliyekuwa anamkinga dhidi yake ni mimi.

Nikapiga simu. Nikaomba kuongea na baba Mihir mwenyewe. Nilimweleza utani ni nini, na Kiswidi changu kikaishiwa njiani, nikamalizia kwa Kiingereza cha kuungaunga. Nilimwambia kuhusu msiba wa mume wangu, mlango, mbuzi na mkia wake. Nilimwambia kwamba kwetu anayekuja kukutukana siku kubwa ni yule anayekupenda, na kwamba asingekuwepo wa kutukana, ndipo watu wangemwonea huruma bibi harusi. Nikamwambia Neema hajauzwa, hajaahidiwa mtu, na hakuna anayemlazimisha.

Hapo kwenye kulazimisha nilikwama kidogo. Maana nilikumbuka safari yangu ya asubuhi, na jicho la dharau nililokwenda kulitafuta.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema, "Nimekuelewa, mama. Nadhani nimekuelewa. Lakini nitaamini nikisikia kutoka kwa Neema mwenyewe. Nisamehe."

Damu ilinichemka! Mtoto nimemzaa mimi, nimemlea mimi, nimesafisha wazee wa watu majumbani mwao miaka na miaka ili asome, halafu mtu aliyekunywa naye chai leo anasema neno langu halitoshi? Nilikaribia kumkatia simu. Nilimuaga kwa ukavu, nikaenda kusimama dirishani.

Nimesimama pale hadi hasira ikaanza kupungua, na ilipopungua nikaona kitu. Iko siku Neema atagombana na watu wa nyumba ile. Hakuna ndoa isiyo na siku hiyo. Mume atasema lake, mama mkwe atasema lake, ndugu watasema yao. Na humo ndani atakuwepo mzee mmoja mrefu, atanyamaza, halafu atasema anataka kwanza kumsikia Neema mwenyewe.

Ni nani mwingine duniani angemwambia mwanangu hivyo? Leo mimi sikumwambia.

Nimempigia Neema mara kadhaa. Hapokei. Najua yuko na Mihir, najua amenikasirikia, na ana haki. Hofu yangu ni kwamba akichelewa, wale wazee watalala na picha ile vichwani, na picha ikilala na mtu usiku inaamka ikiwa na mizizi.

Basi nimemwandikia ujumbe. Nimeanza na maelezo marefu, nikayafuta. Nimeanza na lawama, nikazifuta pia. Nimeandika, nisamehe mwanangu. Halafu nikaandika, tafadhali mpigie baba mkwe wako, anataka kusikia sauti yako.

Baba mkwe. Vidole viliandika vyenyewe. Nimeliangalia neno hilo, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kufuta.

Kisha nimetuma hivyo hivyo.