Bwawa langu la klasi ya kwanza

Alhamisi. Mvua inanyesha tangu asubuhi na mi natabasamu peke yangu kama mwenda wazimu. Wiki jana, shajara yangu, mvua hii ingeniua kwa woga.

Wiki jana ndipo injenia alipopanda kwangu, kwenye vilima vya juu ya mji wa Baraka, kukagua mabwawa ya watu binafsi kabla ya mvua kubwa. Ukuta wangu wa udongo niliushindilia kwa miguu yangu hii. Ng'ombe wote wa Bibokoboko wangecheza ngoma juu yake, usingetikisika! Injenia akaupiga teke, kisha akaupa mgongo, akaangalia bondeni muda mrefu kuliko alivyouangalia ukuta. Akasema: "Papa Wilondja, hatari, klasi ya kwanza."

Mi nilisikia klasi ya kwanza tu.

Shuleni sikuwahi kuwa wa kwanza, na shule yenyewe sikuimaliza. Basi nikashuka sokoni. Nikawaambia wauza ndagala, dagaa wa ziwani, kwamba bwawa langu limeyapita mabwawa yote ya Fizi, na ndani iko tilapia mukubwa kama mutumbwi, tena ana ndevu.

Aliyenikata maneno ni Mama Esperance. Yeye na wenzake walikimbia vita kule Kilembwe, wakajenga vibanda bondeni, chini ya bwawa langu, mahali palipokuwa na muhogo tu.

"Papa, kama ni sifa, mbona ule injenia alikuwa nahesabu nyumba zetu, hakuhesabu samaki yako?"

Nikamtafuta injenia kabla hajaondoka Baraka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Papa, klasi haisemi ukuta iko muzuri ao mubaya. Inasema ukibomoka, nani atakufa. Zamani chini iko muhogo peke, ulikuwa klasi ya mwisho. Vita ndiyo imekupandisha."

Nikapanda nyumbani, nikasimulia yote.

Ndugu yangu akanishauri: "Fukuza bale batu, bwawa itashuka klasi."

Muntu aliyekimbia risasi, sasa akimbie tilapia?

Jumatatu tukafanya salongo, kazi ya pamoja, sisi na watu wa bondeni. Injenia alikuwa ametuonyesha pa kuchimba mfereji wa pembeni, ili maji yakizidi yapite huko, yasipande juu ya ukuta. Nusu ya mfereji nilichimba mi peke yangu; wanaobisha wana wivu. Tukateremsha maji. Bamama wakajipanga kando kumngoja mwenye ndevu. Samaki wakaonekana: ukubwa wa kiganja, kiganja, kiganja.

"Papa Wilondja," Mama Esperance akaita, "mutumbwi iko wapi?"

"Imezama. Mutumbwi haizamaka, mama?"

Walicheka mpaka majembe yakaanguka.

Leo mvua imekuja na hasira. Maji yamepanda, yamefika mferejini, yakageuka kando kwa adabu kama mutoto aliyelelewa vizuri. Nimesimama juu ya ukuta, nimelowa, nikaona moshi wa vibanda bondeni. Bamama wanapika. Hakuna aliyekimbia.

Injenia anasema klasi haitashuka hata hivyo, maadamu watu wako pale chini. Sawa. Lakini siku Mama Esperance atakapofunga vyombo vyake arudi Kilembwe kwa amani, bwawa langu litaanguka mpaka klasi ya mwisho kabisa.

Siku hiyo, shajara, nitashuka sokoni kujisifu, watanikoma.