Mgongo wa Pili wa Darasa la Tatu

Maitu mpendwa, mama yangu,

Najua hukufundishwa kusoma, na hata ungefundishwa, huko uliko posta haifiki. Lakini moyo wangu umejaa, na mtu akifurahi hivi atamwambia nani kabla ya mama yake? Acha niandike. Akina mama wenzangu wa hapa Ruiru nao wakitaka kusoma, wasome.

Unakikumbuka kiondo changu cha kwanza? Tulikuwa tunakaa kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi, kule shamba la mkonge karibu na Thika. Ulikuwa ukirudi jioni mikono inakuwasha kwa utomvu, unakaa mlangoni, unatoa nyuzi zako za katani na kuanza kuzisokota pajani. Wenzangu walipewa viondo vikubwa vya mama zao, mkanda umepigwa fundo ili ufupike, na bado kiondo kinawagonga makalio njia nzima ya kutafuta kuni. Wewe uliniambia, "Nipe mgongo." Ukanigeuza, ukapima kwa shubiri kutoka shingoni mpaka kiunoni, ukanifinya mbavu nikacheka. Jirani yetu alipita akakutania, "Wee Nyokabi, unamshonea askofu kanzu?" Nawe hukuinua hata macho. Ulimjibu, "Kiondo si cha kuni. Ni cha mwenye kuzibeba."

Nilidhani ni maneno tu ya kumnyamazisha jirani. Kumbe ulikuwa unanipa kazi.

Sasa, maitu, kama umesimama, kaa. Mimi ni mwalimu. Ndiyo, mimi huyu niliyeishia darasa la nne. Sifundishi Kiingereza wala hesabu, hizo zina wenyewe. Mwalimu mkuu aliona viondo vyangu siku moja kanisani, akaniomba nije kuwafundisha watoto wa darasa la tatu kazi za mikono. Nilikwenda nikiwa na mtoto mgongoni na sindano ya kushonea magunia. Nilianza na kusuka, kisha tukachonga vijiko, kisha tukafinyanga udongo. Watoto walipenda, nami nilipenda kuliko wao.

Lakini si wote waliopenda. Mwenyekiti wa wazazi ni Baba Karanja, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Mtoto wake Karanja yumo darasani mwangu. Alikuja muhula ulipoanza, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi.

"Mwalimu, hujambo. Kusuka, mtoto atasuka kwa mama yake. Hapa tumewaleta wajue kitabu. Na huyu wangu ni mwanaume, unataka kunigeuzia awe mama?"

Watoto walicheka. Karanja alitazama chini. Baadaye mwalimu mkuu, ambaye ni mtu mpole, aliniita akaniambia ukweli. Wazazi wangekuja shuleni mwisho wa muhula. Wasipoona maana ya kazi zetu, somo lingefutwa, saa yake ipewe hesabu, nami nirudi nyumbani. Maitu, nilifika kwangu nikashindwa hata kuwasha moto.

Kesho yake niliacha vijiko na udongo. Niliwauliza watoto, "Hapa shuleni ni kitu gani kinawaumiza?"

"Fimbo ya mwalimu mkuu!" mmoja akasema, darasa likaanguka kwa kicheko.

Ndipo Muthoni, mdogo kuliko wote, akasimama na kunigeuzia mgongo. Palikuwa na alama nyekundu, pale kona ya debe inapokaa. Tangu serikali ituhamishie hapa kijijini, mto umekuwa chini mbali, na watoto ndio huchota maji ya shamba la shule na ya kusiriba sakafu. Wavulana hubeba debe kwa mti, wawili wawili, na nusu ya maji hunywewa na njia. Wasichana hubeba kwa mkwa, ule ukanda wa ngozi wa kipajini unaoujua wewe, uliokuachia bonde kwenye paji la uso. Debe la bati lina kona, mgongo hauna.

"Basi tutengeneze nini?" nikauliza.

Tulichora chini kwa vijiti. Tukajenga kidogo kwa mabua ya mahindi tuone kama kitasimama. Ndipo tukatengeneza chenyewe: fremu ya fito za mti wa mbuni, na mbele yake mto wa katani iliyosukwa, umejazwa majani makavu ya mgomba, ukae kati ya debe na mtoto, na vyote vishikwe na mkwa. Wavulana walifunga fito, wasichana wakasuka, na baada ya siku chache hakuna aliyekumbuka ni nani anafaa kusuka. Watoto wakakipa jina: mgongo wa pili.

Tulikijaribu kwa Wambui. Wambui alianza shule akiwa amechelewa, ni mrefu karibu kunishinda. Alipanda kutoka mtoni ameweka majani juu ya maji yasimwagike, akatembea kama bibi harusi. Tukapiga vigelegele! Kisha nikamvika Muthoni. Fremu ikamshukia makalioni, debe likampiga visigino, maji yote yakamwagika kwenye miguu ya Karanja.

"Ngai!" Karanja akaruka. "Mwalimu, huu si mgongo wa pili. Ni mgongo wa Wambui!"

Alisema kweli. Kwetu mzigo ni wa msichana aliyekomaa, basi tulipotaka kipimo sote tulimgeukia Wambui bila hata kufikiri. Wavulana walikataa kabisa kupimwa, eti mwanaume hapimwi mgongo. Wadogo hatukuwauliza.

Siku hiyo nilikuwa nikimnyonyesha mtoto wangu mdogo, na ghafla nikasikia vidole vyako mbavuni. Nipe mgongo. Maitu, nilicheka peke yangu mpaka mtoto akaachia titi.

Kesho yake nilikwenda na kamba ya mgomba. "Leo kila mtu ananipa mgongo," nikasema. Wavulana wakanuna. Nikawaambia, "Debe haliulizi kama wewe ni mwanaume." Karanja alikuwa wa kwanza kuja, labda kwa sababu miguu yake ilikuwa bado na kumbukumbu. Tulipiga fundo kwenye kamba kwa kila mgongo, na kila fundo likawa mahali pake. Karanja aliyahesabu mafundo kwa kidole.

"Mwalimu, hatuwezi kutengeneza fremu ya kila mtu. Si tuweke vitanzi kwenye mkwa? Mfupi achukue cha juu, mrefu cha chini."

Ningekuwa na kofia ningeivua.

Siku ya wazazi ilifika. Baba Karanja alikuwa ameketi mbele. Alipoiona fremu yetu mezani, alisema kwa sauti yake ile, "Na hii ni nini? Kitanda cha kuku?" Watu wakacheka. Nikawaambia watoto waeleze wenyewe.

Muthoni alitembea na debe kuzunguka uwanja, akarudi amelowa jasho lakini si maji. Watu walipiga makofi kidogo, ya heshima tu. Baba Karanja akasimama, akasema, "Vizuri. Lakini hesabu—"

Ndipo bibi kizee aliyekuwa nyuma yake akanyanyuka na bakora yake. Ni mama yake mzazi, cucu wa Karanja.

"Nivisheni," akasema.

"Mama, wewe huwezi—"

"Nimesema nivisheni."

Karanja alikimbia. Alimtazama cucu yake mgongoni, ule mgongo uliopinda kama mpini wa jembe, akasogeza mkwa kitanzi kimoja, akaona bado, akasogeza kingine. Alifanya hivyo taratibu, ulimi nje, mbele ya baba yake na kijiji chote. Cucu akatembea mpaka kwenye ua na kurudi. Alisimama mbele yetu akiwa na debe lake mgongoni, hakutaka hata kuvuliwa.

"Nimebeba tangu nikiwa msichana," akasema. "Kuni, maji, viazi, na wewe hapo, Baba Karanja, ukipiga mateke. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza mgongo wangu uko wapi. Na aliyeniuliza ni mjukuu wangu wa kiume. Kama hicho si kitabu, kitabu ni nini? Kaa chini."

Baba Karanja aliketi. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa ile kofia yake. Akasema somo liendelee. Akauliza pia kama darasa linaweza kumtengenezea mke wake mgongo wa pili. Karanja akamjibu, "Baba, lazima aje mwenyewe apimwe." Maitu, nilijivuna! Mungu anisamehe, nilijivuna mpaka kilemba kikanibana.

Niliporudi nyumbani, binti yangu wa pili alikuwa ananingoja mlangoni. Huyu humjui, alizaliwa ulipokuwa umeshatuacha. Wa kwanza alipewa jina la mama wa mume wangu, na huyu, kama desturi inavyotaka, ni wewe. Ni Nyokabi. Nami, kama inavyopasa, humwita maitu hata ninapomfuta kamasi. Alikuwa amewaona watoto wakubwa na kamba yetu. Akanigeuzia mgongo, akavuta gauni likaze, akasema, "Nipe mimi pia. Nipime."

Nikapiga magoti. Nikaweka shubiri shingoni, nikashuka kiunoni, nikamfinya mbavu, akacheka kicheko kilekile.

Umekuwa mdogo sana siku hizi, maitu. Usiwe na wasiwasi, kiondo chako nitakisuka mwenyewe, na hakitakugonga popote.

Lala kwa amani, mgongo wako upumzike.

Ni mimi binti yako,
Mama Nyokabi