Hela Zangu, Jina Lako

Tarehe 2 Aprili

Dada yangu, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Mama pia. Mimi sijambo, ila baridi ya kazini ndiyo inanitafuna. Wamenihamishia ndani kabisa ya ghala, kule kwenye maboksi ya kuku walioganda. Tunavaa makoti mawili na soksi juu ya soksi, na bado tukitoka kwenda kula inabidi tusubiri kidogo mpaka vidole vikubali kushika kijiko.

Nisamehe kwa kimya. Ile laini yangu nimeitupa. Unaikumbuka ile benki ndogo ya karibu na stendi, niliyokopa hela za kumlipa wakala wa ajira aliyenileta huku ugenini? Walikuwa wananipigia asubuhi, mchana na jioni. Kuna dada mmoja pale ana sauti tamu kama mchumba, lakini ukishapokea anakutajia deni na riba yake bila hata kuvuta pumzi. Nilikuwa nalipa vizuri mpaka walipotupunguzia saa za kazi. Tangu hapo sijapeleka kitu. Kwa sasa tuandikiane hivi kwa barua pepe, nitakuwa nasoma pale kantini kwenye mtandao wa bure.

Nimesikia watoto wa marehemu mwenye nyumba wanataka kuuza. Ni kweli? Msalimie sana Mama. Mwambie kitindamimba wake bado ana vidole vyote.

Mdogo wako


Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu, marahaba.

Sisi hatujambo. Mama mzima, na ulimi wake ni mzima kuliko sisi wote. Jana amenigombeza asubuhi nzima kwa sababu nilisogeza ndoo. "Nimeishi humu miaka yote sijajikwaa, leo unataka kuniua kwa ndoo?" Na ana haki. Anaamka, anapapasa ukuta wa korido, anapita mlango wa kwanza na wa pili, anatokea uani kwenye bomba, anakinga maji, anarudi kukaa jikoni kumenya vitunguu. Mgeni akija anapiga naye soga mpaka anaaga, halafu nje ndipo ananiuliza, hivi huyu mama haoni? Nami nafurahi sana wakiniuliza hivyo.

Ni kweli wanauza. Wametupa sisi nafasi ya kwanza, vyumba vyetu viwili pamoja na ua, mpaka mwisho wa Juni. Tukishindwa, atachukua yule mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapo jirani. Ameshakuja kupima kwa futi kamba, tena bila hodi, Mama akamuuliza kama anapima kaburi. Lakini usiogope, hela karibu zinatimia. Ni mshahara wangu wa dobi hospitali, pamoja na mashuka ya watu ninayopiga pasi nyumbani kila Jumapili wakati wewe ukidhani nimelala.

Zote ziko kwenye akaunti yako. Unaikumbuka ile kadi ya mshahara wako wa zamani uliyoniachia ukasema, "Dada, tumia mwenyewe, mimi sina haja nayo"? Nilijaribu kufungua ya kwangu wakanikatalia. Ile mashine ya alama za vidole ilinigomea. Sabuni ya hospitali na joto la pasi vimenisugua vidole mpaka havina mistari. Kijana wa kaunta akaniambia nikapumzishe mikono mwezi mmoja halafu nirudi. Nikamuuliza, na hayo mashuka utafua wewe? Basi nikaendelea na kadi yako. Hela ikishalala salama, jina la mlangoni la nini?

Benki yenyewe siku hizi imebadilisha kibao na rangi. Wanasema imenunua benki nyingine. Mimi nilichokiona ni kwamba feni zao sasa zinazunguka.

Na wewe acha kuwakimbia wanaokudai. Ongea nao. Mtu akikimbia sana hata kivuli chake kinamtia shaka.

Dada yako


Tarehe 21 Mei

Dada, shikamoo! Mama hajambo? Wewe mwenyewe hujambo?

Mimi leo hali yangu imenona. Dada, deni limekwisha! Nimefungua barua pepe nikakuta ujumbe wa benki: mkopo wako umelipwa wote, asante kwa kuwa mteja wetu. Nimeusoma nikiwa nimesimama, nikausoma nikiwa nimekaa. Nikampa jamaa yangu wa ghalani ausome, maana macho ya furaha huwa yanadanganya. Akasema ni kawaida, benki zikiuziana husafisha vitabu vyao, vidagaa kama sisi hutuachia. Nilimwambia afadhali niwe kidagaa.

Hujui nilivyokuwa naishi. Nilikuwa nikisikia simu ya mtu mwingine ikilia, nainuka natoka nje. Jana nimelala mpaka nikakosa basi la kazini. Nimenunua viatu. Vile vya zamani vilikuwa vinaingiza maji, lakini nilikuwa nikiona kama hela ya viatu si yangu, ni ya wale watu. Mwezi huu nitanunua laini mpya nikupigie, niisikie sauti ya Mama.

Mwambie Mama dua zake zimefika.

Mdogo wako


Tarehe 30 Mei

Mdogo wangu, marahaba.

Mama hajambo. Mimi nimekaa na simu hii mkononi tangu nilipotoka kazini na sijui nianzie wapi, basi naanzia hapohapo. Deni lako nimelilipa mimi. Sikujua kama nalilipa.

Jumatatu nilikwenda benki kutoa hela za nyumba. Mashine ikaniambia salio halitoshi. Nikadhani nimekosea namba, nikarudia. Nikaingia ndani, nikapelekwa kwa binti mmoja kwenye meza ya kioo, mpole tu, hana ubaya. Akaangalia kompyuta yake, akaniuliza, "Hii akaunti ni ya nani, mama?"

"Ya mdogo wangu. Ila hela ni zangu."

"Sisi tunaangalia jina." Akanieleza taratibu kama anayemfundisha mtoto. Ile benki ya stendi uliyokopa ndiyo hiyohiyo waliyoinunua. Walipounganisha vitabu wakakukuta huku unadaiwa, kule una akiba. Wakachukua akiba wakafuta deni. Nikamwambia huo ni wizi. Akasema, "Hapana, mama, alisaini mwenyewe. Imeandikwa kwamba asipolipa, benki inaweza kukata kwenye akaunti yake yoyote."

Mdogo wangu, nilikaa kwenye kile kiti mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nataka maji.

Sasa nisikilize vizuri. Yule binti aliniita tena nilipofika mlangoni. Amesema njia iko moja. Wewe mwenye jina uandike kwamba hela zile si zako, ni zangu, na ueleze zilivyofika pale. Mimi nitapeleka stakabadhi zangu za mshahara na barua ya bosi wa dobi. Wakiridhika, wanarudisha. Ila barua yako iwafikie kabla ya tarehe ishirini na tano Juni. Anwani yao ya barua pepe nimeiweka hapo chini.

Sikufichi, nilimuuliza, na lile deni? Akasema litarudi kwake. Najua ninachokuomba. Najua wataanza tena kukupigia. Nitakusaidia kulilipa, kidogo kidogo, nakuahidi. Lakini nyumba haingoji, na Mama mahali pengine pote ni kipofu. Ni humu tu upofu wake haumo.

Mama sijamwambia. Bado anawashukuru wenye benki kwa kukusamehe, anawaombea.

Dada yako


Tarehe 19 Juni

Mdogo wangu,

Hujambo? Umzima huko? Nakuandikia tena, maana labda ile ya kwanza haikufika, ingawa simu yangu inaonyesha ilifika.

Benki nimekwenda tena leo. Yule binti akiniona sasa anatikisa kichwa kabla sijafika mezani. Hakuna kitu kutoka kwako. Si lazima uandike maneno mengi wala ya kisomi. Andika: hela zile ni za dada yangu. Basi. Namba yako ya simu ukinunua nitumie, nitakupigia mimi, gharama ni juu yangu.

Kama unaumwa niambie. Kama umenikasirikia pia niambie.

Dada yako


Tarehe 11 Septemba

Dada yangu, shikamoo.

Sijui kama utaisoma hii. Natumaini wewe na Mama hamjambo, ingawa sina uso wa kuuliza.

Barua zako zote mbili zilifika. Ya kwanza niliisoma kantini, nikarudi kazini nikapakia lori zima bila kujua nimepakia nini. Jioni ile nikaanza kuwaandikia benki. Nilifika kwenye neno dada nikasimama. Kichwani nilimsikia tena yule mwanamke wa benki akinitajia deni kwenye simu. Nikasema nitamalizia kesho. Kesho yake nikasema bado siku zipo. Halafu nikaacha kufungua barua pepe kabisa, nikawa napita nje ya kantini nisishike ule mtandao. Siku zilipokwisha, Dada, na hili nalisema kwa aibu, nilipata usingizi.

Nilikuwa mwoga. Sina jina jingine la kuliita jambo hilo.

Juzi nimerudishiwa saa zangu za kazi. Naweza kutuma kila mwezi. Barua ya benki nimeiandika, iko hapa, sijaituma. Nakungoja wewe. Bado upo muda? Yule mwenye duka hawezi kuongea na mtu? Mwambie Mama nitafanya kazi usiku na mchana. Nyumba ile nitaikomboa.

Mdogo wako


Tarehe 20 Septemba

Mdogo wangu, marahaba.

Barua ya benki usiitume, muda wao ulikwisha, hela hawarudishi tena. Tulihama tarehe mbili Julai. Mwenye duka alivunja kuta wiki hiyohiyo, vyumba vyetu sasa ni stoo ya saruji na nondo. Hakuna kitu cha kukomboa.

Tumepanga chumba upande wa pili wa hospitali, ghorofa ya pili. Ni kisafi. Umeme upo. Mama namkalisha kwenye kiti asubuhi nikienda kazini, na nikirudi namkuta kwenye kiti. Siku za mwanzo alijaribu kutembea. Akapiga paji la uso kwenye kabati, halafu akakosea mlango akaingia kwa jirani, na yule jirani akacheka, si kwa ubaya, lakini Mama alisikia. Tangu siku hiyo haondoki mpaka nimshike mkono. Vitunguu nilimletea amenye, akasema hajisikii. Hanigombezi tena. Naacha ndoo katikati ya chumba makusudi, na hasemi neno.

Nilimwambia kwamba wenye nyumba waligeuka, hawakutaka kutuuzia. Sikukutaja. Na yeye kila siku kazi yake ikawa kuwaambia watu, "Angekuwepo kitindamimba wangu angeinunua." Miezi yote hii nimeisikiliza hiyo. Kwa jirani, kwa muuza maziwa, kwa kila anayepanda ngazi. Nikanyamaza.

Siku barua yako ilipoingia aliisema tena, nami nikashindwa. Nikamwambia yote, benki, jina, barua niliyokuomba, kimya chako. Nilikuwa nalia kwa hasira na sikumwonea huruma, na hilo linaniuma.

Aliniacha nimalize. Halafu akauliza, "Kwa hiyo deni lake limekwisha?"

Nikasema limekwisha.

"Hawampigii tena simu?"

"Hawampigii."

"Analala?"

Nikamwambia ameandika kwamba analala.

"Basi afadhali," akasema. "Mwandikie. Mwambie mimi simdai."

Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza wala kupunguza. Mama hakudai.

Mimi nakudai.

Dada yako