Aliyefagia Ngazi za Kanisa Kuu Bila Wenzake

KITUO CHA POLISI, MJINI KATI, BREMEN
MAELEZO YA SHAHIDI

Shauri: Madai ya kumpiga na kumjeruhi Malte Osterloh kwenye ngazi za kanisa kuu
Tarehe na saa ya kuandikwa: 14 Machi 2015, saa 11:05 jioni
Jina la shahidi: Almuth Kattenhorn
Umri: Miaka 66
Kazi: Muuza fagio na brashi, soko la uwanja wa kanisa kuu
Makazi: Neustadt, ng'ambo ya mto, ghorofa ya tatu, anaishi peke yake
Ndoa: Hajaolewa

Nimekumbushwa na Sajenti Frauke Dierksen niseme niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, si ya kuambiwa. Nimemjibu kwamba nimesimama kwenye kibanda kimoja miaka thelathini na tisa nikitazama ngazi zilezile, kwa hiyo ya kuambiwa sina haja nayo.

Mnamo tarehe 14 Machi 2015, siku ya Jumamosi, nilifungua kibanda saa moja na nusu asubuhi. Upepo ulikuwa mkali na wateja walikuwa wachache. Saa tatu na dakika kumi alikuja kijana mrefu, amevaa suti nyeusi na kofia ndefu ya kukodi, bado ina karatasi ya namba pembeni. Sikumjua. Sasa najua kwamba anaitwa Jannes Brüning na kazi yake ni kutengeneza lifti. Aliomba ufagio. Nikamuuliza wa kufagia wapi, maana ufagio wa jikoni si wa uani. Akasema wa kufagia mawe. Nikamtania, nikamuuliza kama ni mawe ya kwake au ya kanisa. Akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema ya kanisa, leo ametimiza miaka thelathini.

Sajenti ameniomba nieleze desturi yenyewe, kwa sababu faili hili linaweza kusomwa na mtu wa kusini mwa nchi. Hapa kwetu mwanamume akifika thelathini bila mke, rafiki zake humvalisha kofia, humpeleka kwenye ngazi za kanisa kuu na kumwagia vizibo vya bia kwa maelfu, naye hufagia. Akikaribia kumaliza, wanamwaga tena. Hashuki mpaka abusiwe na mwanamwali ambaye hajaguswa na mwanamume. Siku hizi hakuna anayechunguza. Wanambembeleza msichana yeyote anayepita, anambusu shavuni, watu wanapiga makofi na wote wanakwenda kunywa. Wanawake nao wakifika thelathini husugua vitasa vya milango ya kanisa.

Lakini kuna jambo Sajenti hakulijua, nalo ndilo lililonifanya nimtazame kijana yule siku nzima. Anayefagia hanunui ufagio. Ufagio huletwa na wenzake, nao huutafuta mbovu kuliko zote, ulionyofoka singa, wenye mpini uliokatwa nusu ili mgongo umuume. Kuna mwaka walimletea mtu mswaki. Huo ndio upendo wenyewe. Nimewauzia marafiki wa wafagiaji miaka yote hii. Mfagiaji mwenyewe sikuwahi kumuuzia. Nilimuuliza kama wenzake hawajamletea. Akajibu kwamba wako njiani, kisha akachagua ule wa singa za farasi, bora kuliko zote kibandani. Nikajua palepale kwamba njiani hakuna mtu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na ya kijana huyu niliijua mimi. Nilimtakia heri ya siku ya kuzaliwa, basi. Sikusema zaidi, na hilo linaniuma mpaka sasa.

Saa nne kasoro robo nilimwona juu ya ngazi akiwa na mfuko wa plastiki. Alitazama huku na huku, akaumimina mwenyewe. Vilikuwa vizibo mia mbili hivi. Mia mbili si kitu, mtu humalizana navyo kwa robo saa. Yeye alifagia polepole, ngazi moja moja, akafika chini akavizoa, akapanda, akavimwaga tena. Wapita njia walitabasamu, wakatafuta kwa macho lilipo kundi lake. Walipolikosa waliharakisha kwenda zao. Kengele ya kanisa ikilia, alitoa simu mfukoni akaitazama, akairudisha.

Nimeulizwa kama nilimwona mtu yeyote pamoja naye. Sajenti amenisomea kwamba Jannes Brüning anasema alikuja na rafiki sita, wakaondoka kabla ya ugomvi, na kwamba amekataa kutaja majina yao. Nimeelezwa kuwa kukataa huko kunamfanya aonekane anaficha kitu, na kwamba bila shahidi wa upande wake madai ya Malte Osterloh yatasimama. Ni kweli anaficha. Hakuwa na rafiki sita. Hakuwa hata na mmoja. Tangu saa nne kasoro robo mpaka saa nane na kitu hakuna aliyesimama naye ila mtalii mmoja aliyetaka picha. Nasema haya nikijua jinsi alivyojitahidi kuyaficha, na namwomba radhi.

Nimeulizwa kwa nini basi sikumwendea mapema. Ni swali la haki. Mwaka 1978 nilipotimiza thelathini, nilivaa gauni la bluu chini ya aproni yangu nikasubiri wenzangu wa sokoni waje wanichukue nikasugue vitasa. Sikuwa nimemwambia mtu. Nilitaka wakumbuke wenyewe. Saa kumi na moja nilifunga kibanda nikaenda kumpikia mama yangu. Mtu ambaye angenionea huruma siku ile, ningemchukia mpaka kufa. Ndiyo maana nilikaa kwangu nikapanga brashi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Saa nane na dakika ishirini lilifika kundi la watu kama kumi na tano, wanawake kwa wanaume, na kinanda cha kuzungusha kwa mkono. Walikuwa wamemleta mwenzao afagie, ufagio wake una singa saba au nane tu. Mbele yao alikuwa Malte Osterloh. Sura yake naijua, alinunua kwangu mwaka jana kwa sherehe ya mtu mwingine. Alikuwa amelewa kidogo, si sana. Mimi nilichukua ndoo ya takataka nikajitia nakwenda kwenye pipa lililo chini ya ngazi, ili nisikie. Naomba hilo liandikwe jinsi lilivyo.

Osterloh alimpongeza Brüning kwa wema. Akamuuliza kundi lake liko wapi. Brüning akasema wamekwenda kununua bia.

"Tangu asubuhi?" Osterloh akasema. "Mie nilipita hapa saa nne na baiskeli, bwana, ulikuwa pekeo."

Watu walicheka, lakini kicheko hicho hakikuwa kibaya. Mmoja wao alimwagia Brüning ndoo nzima ya vizibo, kinanda kikaanza, naye akafagia kwa nguvu huku akitabasamu. Kwa dakika kumi hivi walimshangilia kana kwamba ni mwenzao. Sijui kama nimewahi kumwona mtu mwenye furaha kiasi kile kwa sababu ya vizibo. Moyo wangu ulitulia, nikasema labda siku itaishia hapo.

Kisha Osterloh aliuona ufagio. Aliuliza kwa sauti ni nani aliyempa huyu ufagio mzima. Mwanamke mmoja katika kundi akasema, "Kajinunulia," na hakusema kwa kejeli, alisema kama mtu aliyeshtuka. Kicheko kilichofuata kilikuwa kingine. Osterloh aliushika mpini, akisema atausaidia uwe mbovu kama inavyotakiwa. Brüning hakuachia. Wakawa wanavutana, Osterloh yuko ngazi ya tano kutoka chini, Brüning yuko ngazi ya sita. Nilikuwa umbali wa hatua nane na hakuna aliyesimama kati yetu.

Osterloh akamwambia, "Basi waite wenzako waje wakusaidie. Ita hata mmoja."

Brüning aligeuza kichwa akatazama uwanjani. Hakutazama kama mtu anayetafuta jibu la kumpa mwenzake. Alitazama kweli, kama mtu anayetafuta mtu. Na alipokuwa akitazama, mikono yake iliachia. Osterloh alikuwa akivuta kwa nguvu zake zote, akaenda kinyumenyume ngazi mbili na kuanguka kwa makalio, na mpini ukampiga juu ya jicho la kushoto. Ulikuwa mkononi mwa Osterloh mwenyewe. Jannes Brüning hakuinua mkono, hakusukuma, hakutukana. Nimeulizwa mara tatu kama nina hakika. Nimejibu mara tatu.

Damu ilikuwa nyingi kuliko jeraha. Wenzake walimzunguka wote, huyu na kitambaa, huyu na maji, huyu anapiga simu polisi, na mwenzao wa sherehe akasahaulika na kofia yake. Sisemi hili kuwalaumu. Nasema kwamba niliwatazama, na Brüning naye aliwatazama. Kisha wakampeleka kwenye duka la dawa, na kinanda chao kikaenda nao. Brüning aliokota ufagio akaendelea kufagia, vizibo vyake na vyao.

Hapo nilimwomba jirani yangu wa samaki anitazamie kibanda. Nilipanda ngazi. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini na tano. Nilimwambia ashuke, polisi wanakuja na baridi ni kali.

"Siwezi, bibi," akasema. "Sijabusiwa bado."

Aliniambia kwamba aliwaandikia wenzake tisa wa kazini tangu wiki mbili zilizopita. Saba walimrudishia alama ya dole gumba, wawili hawakujibu. Alisema kila mmoja hutengeneza lifti zake peke yake, wanakutana asubuhi tu kuchukua funguo, kwa hiyo hawalaumu. Alisema alidhani wakiona picha ya kofia watakuja kwa kucheka tu. Alinieleza haya bila kulia, huku akikusanya vizibo kwa mguu, na naona ingekuwa nafuu kama angelia.

Nilimwambia ainamishe kichwa. Akacheka kidogo.

"Masharti unayajua, bibi?"

"Nayajua tangu hujazaliwa," nikamwambia. "Inamisha kichwa."

Hakucheka tena. Alivua kofia, akainama, nami nikambusu shavu la kulia. Halafu tulishuka pamoja, ngazi zote, hakuna aliyepiga makofi. Askari wawili walifika saa tisa kasoro dakika tano wakamchukua.

Sajenti ameniambia kwa adabu kwamba habari ya busu haihusu kosa linalochunguzwa, na kwamba ninaweza kuiacha. Nimekataa. Nimemvua nguo kijana wa watu mbele ya serikali ili asifungwe; si haki mimi nibaki na koti langu. Kwa hiyo iandikwe: masharti ya ngazi zile nilikuwa ninayatimiza leo, nikiwa na umri wa miaka sitini na sita, na sijawahi kumwambia mtu kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza. Jannes Brüning alifagia na akawekwa huru kihalali kuliko wengi niliowaona pale. Asije mtu akamwambia kwamba siku yake haikuhesabiwa.

Hayo ndiyo niliyonayo, nimeyasema kwa hiari yangu, na sina neno la kupunguza.

(Sahihi) A. Kattenhorn

Maelezo ya afisa: Mimi, Sajenti Frauke Dierksen, nimeandika maelezo haya kama yalivyotamkwa na shahidi. Nilimsomea yote, akakubali kuwa ni sahihi, isipokuwa mahali nilipoandika "ufagio wa kawaida", akataka nirekebishe kuwa "wa singa za farasi". Nimerekebisha. Shahidi aliondoka kituoni saa 12:10 jioni, akiwa peke yake.

Saa 12:20 nilimrudia Jannes Brüning katika chumba cha kusubiri. Sikumweleza aliyosema shahidi. Nilimwuliza kwa mara ya mwisho kama yupo rafiki yake yeyote aliyekuwapo kwenye ngazi, ambaye jina lake anaweza kulitaja. Akafuta kauli yake ya awali kuhusu rafiki sita, akaomba iandikwe kwamba alikuwapo mmoja, na jina lake alilisoma juu ya kibanda: Almuth Kattenhorn.

(Sahihi) Sajenti F. Dierksen